Pointi za Safari na Kadi za Benki



Nimetakiwa niseme machache juu ya pointi za safari. Jambo lenyewe si geni. American Airlines ilianzisha mpango wake mwaka 1981, na mashirika mengine yakafuata. Sisi tuliotawanyika tunazihitaji kuliko mtalii, kwani safari zetu nyingi hazina miadi. Mauti hayangoji nauli ishuke, na tiketi ya leo kwa safari ya kesho ni ghali mno. Hapo ndipo pointi za akiba humfikisha mtu mazikoni, kiti kikipatikana. Kodi na ada hulipwa vilevile kwa fedha.

Kwa tulio Uingereza, kadi ya American Express ya British Airways isiyo na ada ya mwaka hutoa Avios moja kwa kila pauni. Tangu 2022 Qatar Airways nayo hutumia Avios, na ndege zake hutufikisha Dar es Salaam kupitia Doha. Akaunti isipoguswa miezi 36, Avios hupotea. Basi asiyesafiri na anunue japo mkate kwa kadi hiyo.

Lakini deni lilipwe lote kila mwezi. Riba ya kadi hizi kwa kawaida hupita asilimia 20 kwa mwaka. Nimeshika mahesabu ya serikali miaka mingi, wala sijaona pointi za kufidia riba ya namna hiyo.

Vijana, wawekeeni wazee wenu kwanza pointi za safari moja ya nyumbani, ndipo mfikirie Dubai.