Ugonjwa si kosa la kazi: neno kwa wafanyakazi vijana wa Baraka na Fizi



Leo tuongee juu ya mushahara wa siku za ugonjwa. Hapa Baraka malaria haipigi hodi, na kipindupindu tunakijua tangu utoto. Lakini mutu akilala siku nne, akirudi kazini anaambiwa: "Siku zako tumekata." Ao anakuta mwingine amekaa kwa nafasi yake. Ndiyo maana wengi wanaenda kazini na homa, wanapika, wanabeba mizigo, wanafundisha watoto. Wanaogopa njaa ya nyumbani kuliko ugonjwa wenyewe.

Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema wazi: ugonjwa unasimamisha kontra, hauivunji. Wakati huo wote mufanyakazi ana haki ya theluthi mbili za mushahara wake wa pesa. Matibabu yake na ya familia yake yako juu ya patroni. Patroni asikutume CNSS kwa malaria ya kawaida: CNSS iko kwa ajali za kazi, pensheni na mambo mengine, hailipi siku hizo. Anayelipa ni yeye.

Sasa tunachanganyikiwa wapi? Kwenye kanuni za ndani. Tuchukue mfano. Unalipwa dola 150 kwa mwezi. Kanuni ya kazini inasema: siku 10 za ugonjwa kwa mushahara mzima, kisha sifuri. Hizo siku 10 ni nzuri, pokea. Lakini siku ya 11 hakuna sifuri! Hapo sheria inashika: theluthi mbili, yaani kwa kipimo cha dola 100 kwa mwezi. Patroni ana ruhusa ya kuongeza juu ya sheria. Kupunguza hana. Kipengele cha kontra kinachokupa chini ya sheria hakina nguvu, hata kama ulikitia sahihi.

Tuseme ukweli wote: ugonjwa ukipita miezi sita mfululizo, sheria inamuruhusu patroni kuvunja kontra, isipokuwa kama ni ajali ya kazi ao ugonjwa uliotokana na kazi. Miezi sita, ndugu zangu. Si siku nne.

"Mimi ni jurnalie tu, nalipwa kwa siku." Sikiliza vizuri. Ukiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na patroni akakuchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inakuhesabu kuwa na kontra isiyo na mwisho. Na asiyekuwa na karatasi ya kontra asidharauliwe: pasipo maandishi, kontra inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho, mpaka patroni alete ushahidi tofauti.

Kwa hiyo tufanye nini?

Ukigonjwa, mujulishe patroni siku ileile, kwa mesaji, na usiifute. Omba karatasi ya munganga yenye tarehe, baki na kopi. Andika siku zako za kazi kwenye daftari. Omba kusoma kanuni ya ndani kabla hujagonjwa. Wakikukatalia haki, nenda kwa mujumbe wa wafanyakazi, kisha kwa Inspekta wa Kazi: yeye ndiye anajaribu kwanza kupatanisha, mbele ya korti.

Wauzaji wa sokoni, wavuvi wenye mitumbwi yao, wanamoto wanaojitegemea: nyinyi hamuna patroni, na sheria hii haiwafikii. Hilo ni pengo, na deni hilo serikali bado inalo.

Kwa leo tunadai mambo mawili. Waajiri wote wa Fizi, ONG, shule na maduka, watundike kanuni yao ya ugonjwa ukutani, kwa Kiswahili. Na Inspekta wa Kazi afike kazini, asingoje mugonjwa amufuate.

Haki haiombwi kwa magoti. Lakini lazima uijue kwanza.