Aya Mbili na Ndoa ya Mfalme

Leo tunaanzia kwenye Torati ya Musa. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 18 na ya 20, kinamkataza mwanamume kumwoa mke wa ndugu yake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, kinamwagiza amwoe mjane wa ndugu yake, endapo marehemu hakuacha mtoto. Wafafanuzi wengi wa Kanisa walizipatanisha aya hizo: katazo ni la jumla, agizo ni la hali hiyo moja tu. Lakini katika karne ya 16 mfalme mmoja wa Uingereza alishika aya ya kwanza akaiweka ya pili kando, na Kanisa la nchi yake likatengana na Roma.

Mfalme huyo ni Henry wa Nane. Mkewe alikuwa Catherine wa Aragon, binti wa Ferdinand na Isabella wa Hispania. Novemba 1501, akiwa na miaka 15, Catherine aliolewa na Arthur, kaka yake Henry na mrithi wa kiti cha enzi. Miezi mitano haikutimia, Arthur akafariki. Wafalme wa pande mbili hawakutaka kuvunja urafiki wao wala kugombania mahari, ambayo huko ilitolewa na upande wa mke. Wakaafikiana kwamba mjane aolewe na Henry, na Papa Julius wa Pili akatoa kibali. Juni 1509, wiki chache baada ya Henry kurithi ufalme, wakafunga ndoa.

Catherine alibeba mimba mara kadhaa. Mtoto wa kiume aliyezaliwa siku ya Mwaka Mpya wa 1511 alifariki kabla ya kutimiza miezi miwili. Aliyekua ni binti mmoja, Mary, aliyezaliwa mwaka 1516. Kufikia mwaka 1527 Catherine alikuwa na miaka zaidi ya 40, na mfalme, aliyetamani mrithi wa kiume, alikuwa amempenda Anne Boleyn. Hapo ndipo Henry alipoishika sura ya 20 ya Walawi, inayomwonya mtu aliyemtwaa mke wa ndugu yake kwamba hao wawili watakosa watoto.

Tusimdharau, msikilizaji. Henry aliijua dini yake. Mwaka 1521 alitoa kitabu cha kutetea sakramenti saba dhidi ya mwanamageuzi Martin Luther, na Papa akamtunukia cheo cha Mtetezi wa Imani. Wala hakuomba talaka, kama wengi wanavyodhani. Aliomba ndoa itamkwe kuwa batili tangu siku ya kwanza. Tofauti yake ni kubwa. Talaka humwacha mwanamke akiwa mtu aliyewahi kuwa mke. Kwa ombi la Henry, Catherine angehesabiwa kuwa hakuwahi kuwa mke wake hata siku moja, na Mary angekuwa mtoto wa nje ya ndoa.

Kesi ilisikilizwa London mwaka 1529, katika nyumba ya watawa Wadominiko iitwayo Blackfriars, mbele ya makadinali wawili, Wolsey na Campeggio. Catherine alipoitwa alipita katikati ya umati na kupiga magoti mbele ya mumewe. Akamkumbusha kwamba amekuwa mke mtiifu kwa miaka ishirini, kwamba alipoolewa naye alikuwa bikira, na kwamba yeye ni mgeni asiye na mtetezi wa haki katika nchi ile. Akakata rufaa kwa Papa, akatoka nje. Wakamwita arudi, hakurudi. Askofu John Fisher wa Rochester alisimama kuitetea ndoa hiyo. Campeggio akaahirisha shauri, na kesi ikahamia Roma. Huko nako kulikuwa na siasa: Kaisari Charles wa Tano, ambaye jeshi lake liliuteka mji wa Roma mwaka 1527, alikuwa mtoto wa dada yake Catherine.

Henry akatafuta wanazuoni. Vyuo vikuu kadhaa, Paris na Bologna vikiwemo, vilimpa majibu aliyoyataka. Kwa kuwa Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu mwaka 1290, wajumbe wake walikwenda Italia kuwauliza marabi, nao wakagawanyika. Na hili ni la kutafakari: wanamageuzi waliopingana na Papa hawakumuunga mkono mfalme kwa sababu hiyo tu. William Tyndale, mfasiri wa Biblia, aliandika kuipinga nia yake mwaka 1530. Luther naye alisema Catherine asiachwe.

Henry hakungoja zaidi. Mwanzoni mwa 1533 alimwoa Anne kwa siri. Bunge likakataza rufaa za kwenda Roma, na mwezi Mei Askofu Mkuu Thomas Cranmer akatamka kwamba ndoa ya Catherine ilikuwa batili. Mwaka uliofuata Papa Clement wa Saba akatoa hukumu kwamba ndoa ile ni halali, lakini Bunge likamtangaza Henry kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Fisher akakatwa kichwa mwaka 1535. Catherine alifariki Januari 1536, akiwa bado anajiita malkia. Mei mwaka huohuo ndoa ya Anne nayo ikatangazwa batili, na Anne akakatwa kichwa.

Sasa turudi kwenye aya zenyewe. Agizo la Kumbukumbu la Torati lilimkinga mjane asiye na mtoto. Shemeji akikataa, mjane alikuwa na haki ya kwenda langoni kwa wazee, kumvua kiatu mbele yao na kumtemea mate usoni. Sheria ilimpa sauti. Na Yesu, katika Mathayo 19, aliulizwa kama ni halali mume kumwacha mkewe kwa sababu yoyote. Swali lile lilikuwa mgogoro wa walimu: wafuasi wa Shamai waliruhusu kwa jambo la aibu tu, wafuasi wa Hileli waliruhusu hata kwa chakula kilichoungua. Yesu alijibu kwamba Musa aliruhusu kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao, akawarudisha kwenye uumbaji. Mwenye uwezo wa kuandika hati ya talaka alikuwa mume, na aliyetolewa nyumbani alikuwa mke. Naamini jibu lile lilisimama upande wa mke huyo.

Ndiyo maana nasema kosa la Henry halikuwa kuisoma Biblia. Alisoma sheria iliyowekwa kuilinda nyumba, akaitumia kumtoa mtu asiye na nguvu.

Na katazo la talaka nalo laweza kuumiza likisahau lilimkinga nani. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 hadi katikati ya karne ya 19, Mwingereza aliyetaka talaka ya kumwezesha kuoa tena alihitaji Bunge limtungie sheria yake binafsi. Sheria ya mwaka 1857 ilipofungua mahakama, mume alitakiwa kuthibitisha uzinzi wa mkewe tu. Mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa.

Kwetu Afrika Mashariki, wamisionari wa Kianglikana walikuja na orodha ya ndugu wasiooana iliyotolewa mwaka 1563, na mke wa ndugu alikuwamo. Wakaikuta desturi ya kurithi wajane, wakaipinga. Wazee walioifahamu Torati waliweza kujibu kwa Kumbukumbu la Torati. Mjane akabaki katikati ya pande mbili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimgeukia yeye mwenyewe: ana uhuru wa kuishi anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mtu amtakaye, hata mila ikisema vingine.

Basi msikilizaji, aya ya ndoa ikisomwa kwenye kikao cha ukoo au mbele ya baraza la wazee wa kanisa, uliza iliwekwa kumlinda nani, kisha hakikisha mtu huyo ameitwa, ameketi, na amesikilizwa kabla ya uamuzi.