Haki ya Kujifunza Ukubwani



Mmetuomba tuzungumze juu ya elimu, nasi tumechagua kuzungumza juu ya wale ambao shule iliwaacha njiani. Hapa Rusimbi ni wengi. Wengine wameketi katika mabenchi haya.

Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwa redio kwamba mwaka huo ungekuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wetu wanakumbuka madarasa ya chini ya miembe. Wanakumbuka pia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi wakisikiliza redio, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyeulizwa cheti.

Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Profesa Geoffrey Mmari akawa makamu mkuu wa chuo wa kwanza, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1994. Maana ya neno huria ni kwamba mwanafunzi halazimiki kuacha kazi na nyumba yake ili aende Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kwa reli. Chuo ndicho kinachomfuata kwa njia ya vituo vya mikoa, na Kigoma ni kimojawapo. Aliyeishia darasa la saba naye ana njia yake: hujiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, kisha hufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.

Tena, mwezi Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi darasani baada ya kujifungua. Hapa yatupasa kuungama. Kabla ya ruhusa hiyo, ni wangapi kati yetu waliopaza sauti? Wengi tulinyamaza. Wapo hata tuliowaondoa mabinti hao katika kwaya.

Basi milango ipo. Lakini mwaka jana tulifundishwa kwamba mlango peke yake hautoshi. Tulifungua darasa la jioni tukapata watu ishirini na wawili. Ilipofika Kwaresima walibaki saba, na kati yao wanawake walikuwa wawili tu. Tulidhani wamekata tamaa. Tulipowatembelea majumbani tukakuta kosa ni letu. Saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ya kuinjika chungu. Ndiyo pia saa ya wavuvi wa dagaa kuingia ziwani na taa zao, isipokuwa siku za mwezi mpevu, ambapo mbalamwezi huzishinda taa na mitumbwi hupumzika ufukweni. Sisi tulikuwa tumepanga saa za mwalimu. Saa za mwanafunzi hatukuziuliza. Mama mmoja, muanika dagaa, alituambia, "Mnasema mlango uko wazi. Nani atanishikia mtoto nipite?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Leo tunaleta pendekezo. Darasa la akina mama liwe saa nane mchana, Jumanne na Alhamisi, dagaa wakiwa bado juani. Vijana wa parokia wawaangalie watoto uani. Wavuvi wasome kila siku katika juma la mwezi mpevu, hata kama kalenda ya parokia itapinda kidogo. Na kwa kuwa siku hizi masomo mengi ya chuo hupitia intaneti, na vifurushi vya simu si bei rahisi, tunaomba kila jumuiya ichangie ili wanafunzi wetu watumie kompyuta ya ofisi ya parokia bila malipo.

Liko na jambo la nyumbani, akina baba. Mke akiwa na mtihani kesho, ugali wa leo usongwe na mikono mingine. Mnaocheka huko nyuma tumewaona.

Majina yaandikwe kwa makatibu wa jumuiya kabla ya Dominika ijayo. Asiyejua kuandika, katibu amwandikie mwenyewe, kwa faragha, wala asimuulize sababu mbele ya watu.