Je, Mashindano ya Kuvuta Mizigo Huchakaza Trekta la Shambani?

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



 Habari za mapato, za maghala na za bei ya mazao mmekwisha kuzisikia kwa Bwana Mwenyekiti. Mimi nimeagizwa kuwaeleza jambo moja tu, ambalo limeleta mabishano katika vyama vyetu vya msingi.

Vijana wetu wameomba kwamba kila mwaka, baada ya mavuno, matrekta ya Chama Kikuu yashindanishwe katika kuvuta mizigo mizito, kama wanavyoona katika picha za simu zao zitokazo Marekani na Ulaya. Wazee wamekataa, wakisema kwamba mchezo huo utayaua matrekta. Vijana nao wamejibu kwamba trekta limeundwa ili livute, na kwamba kulikataza kuvuta ni sawasawa na kumkataza ng'ombe kutembea. Mkutano Mkuu ndio utakaoamua. Lakini uamuzi mwema hutanguliwa na maarifa. Kwa hiyo nimesoma niliyoweza kuyasoma, na nimezungumza na mafundi wa karakana yetu, ili niwaletee maneno yenye uzito na si ya kubahatisha.

Kwanza yafaa tuujue mchezo wenyewe. Asili yake ni wakulima wa Marekani, ambao zamani walijivunia farasi wao wa kulimia, kila mmoja akitaka kuonyesha kwamba wake ndio wenye nguvu. Matrekta yalipochukua mahali pa farasi, majivuno yale yakahamia kwenye chuma. Mashindano ya matrekta ya mwanzo yanayokumbukwa yalifanywa mwaka 1929, mahali pawili: Vaughansville katika jimbo la Ohio, na Bowling Green katika jimbo la Missouri. Kwa miaka mingi kila mahali palikuwa na kanuni zake, hata mwaka 1969 wajumbe wa majimbo kadhaa wakaunda chama kiitwacho National Tractor Pullers Association, ili kanuni ziwe moja.

Trekta hufungwa kwa mnyororo kwenye gari la mzigo. Nyuma ya gari hilo mna magurudumu. Mbele yake mna bamba la chuma linaloburuzwa chini. Safari inapoanza, sanduku la vyuma vizito huwa juu ya magurudumu ya nyuma, na kuvuta huwa rahisi. Kadiri trekta linavyokwenda, sanduku hilo husogezwa mbele, uzito ukahamia kwenye bamba, na bamba likazidi kuikwaruza ardhi, hata trekta likashindwa na kusimama. Afikaye mbali zaidi ndiye mshindi. Uwanja kamili katika Marekani ni futi 300, yaani kama mita 91.

Tena matrekta yenyewe si ya namna moja. Yako ya shambani ambayo hayakubadilishwa, na mengine ni ya kale sana. Na yako yaliyotengenezwa kwa ajili ya mchezo tu, hata mengine yana injini tatu au nne pamoja. Haya ya pili hayalimi shamba la mtu yeyote. Nadhani hapa ndipo penye chanzo cha mabishano yetu: mmoja anasema habari za trekta la shamba, na mwenzake anasema habari za chombo ambacho ni trekta kwa jina tu.

Sasa na tuwatendee haki vijana, maana hoja yao si ya kipuuzi. Ni kweli kwamba kuvuta ndiyo kazi ya trekta. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska lilitunga sheria kwamba trekta la namna yoyote lisiuzwe huko mpaka mfano wake umepimwa na Chuo Kikuu cha jimbo hilo. La kwanza kupimwa, mwaka 1920, lilikuwa la aina ya Waterloo Boy. Katika vipimo hivyo mojawapo ya mambo makubwa ni kulivutisha trekta mzigo unaojulikana kiasi chake, kwa muda wa saa nyingi. Basi trekta zima halidhuriki kwa kuvuta mzigo uliopimiwa.

Hali kadhalika, hesabu ya muda iko upande wa vijana. Trekta likienda kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, mita 91 huzimaliza kwa sekunde 33 hivi. Likivuta mara 10 katika siku ya michezo, jumla yake haifiki dakika 6. Trekta linalolima tangu saa 12 asubuhi mpaka saa 6 mchana hufanya kazi dakika 360, ambazo ni mara 60 ya hizo. Kama kuchakaa kungekuwa ni kwa muda peke yake, ningeketi sasa hivi, na vijana wangekuwa wameshinda.

Lakini chuma hakihesabu dakika peke yake. Huhesabu na uzito. Wanaotengeneza beringi za gololi wana kanuni yao: uzito ukizidi mara mbili, umri wa beringi hupungua hata ukawa sehemu moja tu ya nane ya ule wa kwanza. Meno ya gia nayo hayasahau. Ufa mdogo usioonekana kwa macho huweza kuanza kwenye shina la jino siku lilipozidishiwa, na jino likakatika siku nyingine kabisa, katikati ya kulima, wala hapana akumbukaye mchezo uliopita. Lawama humwangukia dereva wa siku hiyo, asiye na kosa.

Katika shamba trekta lina mlinzi wake, naye ni kuteleza kwa tairi. Mzigo ukizidi, tairi huzunguka pale pale. Kwa hiyo nguvu inayopita katika gia na ekseli haiwezi kuzidi ile ambayo ardhi inakubali kuishika. Wachezaji hawampendi mlinzi huyo. Huongeza vyuma vya uzito na kupunguza upepo wa tairi, ili zishike ardhi. Tena mbele ya trekta huinuka, na uzito karibu wote huelemea ekseli ya nyuma. Hapo tairi halitelezi upesi, na kitakachosalimu amri kwanza chaweza kuwa shafti, difu au klachi.

Klachi ndiyo ya kuogopewa zaidi. Dereva anayeiachia ghafla huku injini inavuma huzipiga gia zote kama kwa nyundo. Na anayeiachia nusunusu chini ya mzigo mkubwa huiunguza sahani yake kwa muda mfupi sana. Harufu yake mnaijua.

Liko na jaribu la injini. Mtu akishindwa leo, kesho atatafuta fundi amfungulie pampu ya dizeli, ili injini inywe mafuta mengi kuliko ilivyopangiwa, na gavana ilegezwe ili izunguke upesi zaidi. Injini nyingi za dizeli za shambani hupangiwa mizunguko kama 2,000 hadi 2,500 kwa dakika. Mwendo huo ukizidishwa mara mbili, nguvu inayozivuta pistoni na fimbo zake huongezeka mara nne. Na mafuta yanapozidi hewa, moshi mweusi hutoka, joto hupanda, na pistoni na vali huungua. Trekta lililofanyiwa hivyo laweza kushinda kikombe, lakini limeacha kuwa trekta la kutegemewa.

Wala tusisahau roho za watu. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli ya nyuma badala ya kufungwa kwenye ndoano ya chini, trekta laweza kuinuka na kumpindukia dereva kinyumenyume, kwa muda mfupi kuliko anaohitaji ili akanyage klachi. Mnyororo ukikatika, hurudi kwa kasi ya kuua. Ndiyo sababu wenzetu wameweka kimo cha ndoano, kifaa cha kuzima injini mara moja, na mipaka ya watazamaji.

Basi jibu langu ni hili. Trekta la shambani lisilobadilishwa, lenye uzito wake wa kawaida, likiendeshwa na dereva mwenye akili, halichakazwi na mchezo huu zaidi ya linavyochakazwa na kazi ngumu ya shamba. Wazee wamezidisha hapo. Lakini mashindano yenyewe humvuta mtu kidogo kidogo atoke katika hali hiyo: leo chuma kimoja cha uzito, kesho pampu, keshokutwa klachi ya ghafla. Vijana hawakulitazama hilo.

Tena liko jambo lililo kubwa kuliko gia. Mkulima wa Ohio anayeingiza trekta lake uwanjani, likivunjika amevunja lake. Matrekta yetu si ya mtu mmoja. Likivunjika difu siku ya mchezo, na kifaa kikachelewa kuja, mwanachama aliye wa mwisho katika orodha ya kulimiwa ataziona mvua za kwanza zikipita na shamba lake ni majani. Yeye hakucheza, wala pengine hakutazama, lakini ndiye atakayelipa. Hilo si haki, na ushirika usio na haki hauwezi kuitwa ushirika.

Hata hivyo, Bwana Mwenyekiti, naomba ruhusa niseme neno moja kwa wazee pia. Mchezo huu tunaukataa kwa vinywa, kumbe tunaucheza kila msimu pasipo watazamaji. Trela linapopakiwa magunia hata tairi zikabonyea, likapandishwa mlima, hayo ni mashindano ya kuvuta. Lori linaponasa matopeni na trekta likaitwa kulinasua kwa mishtuko ya mnyororo, hayo ni mashindano ya kuvuta. Na hayo hayadumu sekunde 33. Chujio la hewa lililojaa vumbi, oili isiyobadilishwa kwa wakati wake, na mguu wa dereva unaopumzika juu ya klachi kutwa nzima, huyala matrekta polepole kuliko mchezo wowote, lakini huyala kwa hakika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa sababu hizo, naleta mbele yenu mashauri matatu. Kwanza, matrekta ya Chama Kikuu yasiingizwe katika mashindano ya kuvuta mizigo. Mwanachama mwenye trekta lake mwenyewe yu huru, lakini asifanye hivyo katika uwanja wetu bila kanuni za usalama nilizozitaja.

Pili, vijana wasirudishwe mikono mitupu. Yako mashindano mengine ambayo humjenga dereva wala hayamvunji trekta wake, nayo ni mashindano ya kulima. Hupimwa unyofu wa mtaro, kina chake, na namna majani yalivyofunikwa. Mashindano ya dunia ya kulima yalianza mwaka 1953 huko Kanada, na mwaka 1995 yalifanywa hapa Afrika Mashariki, katika Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya. Tuanze yetu, na kikombe kiwe cha chama cha msingi ambacho dereva wake ameshinda. Shamba litakalolimwa siku hiyo liwe la mwanachama mjane au mgonjwa, ili mafuta yetu yasipotee bure.

Tatu, kila trekta liwe na daftari lake, iandikwe ndani yake saa lilizofanya kazi, oili iliyobadilishwa, na mzigo wa trela. Mnaijua methali yetu: mali bila daftari hupotea bila habari.

Miaka kumi tumechanga senti kwa senti hata tukapata matrekta haya. Yatupasa tuyatunze, ili miaka kumi ijayo watakaosimama hapa wayaseme kwa shukrani.