Nyimbo Nyumbani: Akiba ya Mtoto Kabla ya Skuli

(Hotuba ya Kamati ya Malezi, iliyosomwa siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu)



Wenzetu wamekwisha kusema juu ya hisa, mikopo na kasha letu la kufuli tatu. Sisi wa Kamati ya Malezi tumepewa dakika chache tuseme jambo ambalo halimo katika daftari la mweka hazina. Ni nyimbo na michezo ya ngoma tunayocheza majumbani na watoto wetu ambao bado hawajaanza skuli. Msicheke, kina mama. Jambo hili lilianza kwa shida.

Mnaukumbuka mwaka wa kwanza. Kila siku ya kikao tulikuja na watoto, huyu mgongoni, yule mkononi. Mweka hazina akihesabu fedha, mtoto analia. Akianza tena, mwengine kamwaga maji. Siku moja fedha zilihesabiwa mara tatu, na mara zote tatu hesabu zilikataa kulingana. Ikasemwa kwamba mwenye mtoto mdogo asije naye tena. Lau uamuzi ule ungepita, nusu yetu tusingekuwapo hapa leo, maana hatukuwa na wa kumwachia.

Hapo bibi mmoja, mwanachama mwenzetu, akawachukua watoto wote chini ya mwembe. Akapiga makofi polepole, akaanza wimbo wa kuitikia, wa zamani, tulioimbiwa sote. Hakupandisha sauti wala hakushika fimbo. Fedha zikahesabiwa mara moja tu, na hesabu ikawa sawa.

Siku ile tulirudi nyumbani tukijiuliza: nyimbo hizi tunazijua sote, mbona hatuwaimbii watoto wetu? Majibu yalikuwa mengi. Kazi nyingi, uchovu, mwalimu atawafundisha. Na siku hizi mtoto akilia tunampa simu, ananyamaza. Ananyamaza kweli, lakini simu haimsubiri aitikie, wala haijui kama amefahamu.

Tulipoanza kuimba nao tuliona faida kwa macho yetu. Katika wimbo wa kuitikia mtoto hujifunza kungoja zamu yake. Katika makofi hujifunza kuhesabu kabla hajajua tarakimu. Mtoto mwenye haya, asiyejibu akiulizwa jina lake, huitikia pamoja na wenzake bila ya kujijua. Maneno ya Kiswahili tuliyodhani yamekufa, ya vyombo vya kale, ya ndege na ya pepo za kusi na kaskazi, yanarudi midomoni mwa watoto wa miaka minne.

Na hapa Unguja si jambo geni. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, hakusomeshwa muziki skuli. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye akivitembeza vyungu kuviuza, akivinadi kwa sauti yake. Sauti ile ndiyo iliyomfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Bi Kidude, aliyefariki mwezi wa Aprili mwaka 2013, alikuwa binti wa muuza nazi, na sehemu kubwa ya usanii wake aliipata kwa kumsikiliza Siti. Hatusemi kila mtoto atakuwa Siti. Tunasema sikio hufunzwa nyumbani kwanza, na nyumba yenyewe inaweza kuwa ya makuti.

Wataalamu nao wameifuata njia hiyo hiyo. Mpango wa Madrasa wa elimu ya watoto wadogo, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 na kufika Zanzibar mwaka 1990, ulitumia nyimbo na hadithi za kwetu na vitu vinavyopatikana mitaani. Baadaye, kuanzia mwaka 2006, wengi wetu tulisikia redioni masomo ya Tucheze Tujifunze. Redio moja na mtu mzima mmoja viliwatosha watoto wa mtaa mzima kuimba, kucheza na kuhesabu. Basi kama redio iliweza, mama atashindwaje?

Sasa tuseme lililotufanya tuombe nafasi hii. Mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto wa miaka minne. Akiitwa haji, akitumwa haendi. Tukamwita mkaidi, na tunakiri, wengine tulimshauri mama yake atumie bakora. Siku moja nyumbani kwao tulicheza mchezo wa kopo: mtu anapiga kopo nyuma ya watoto, nao wanageuka. Wote waligeuka, yeye hakugeuka. Tukarudia, hakugeuka. Alipowaona wenzake wamegeuka ndipo akageuka na yeye, anacheka. Mama yake alikaa chini pale pale.

Mfuko wa jamii ulitoa nauli na fedha za dawa. Daktari akaona usaha masikioni, wa siku nyingi. Matibabu yalichukua muda, lakini alhamdulillahi leo mtoto yule anasikia vizuri zaidi, na anaimba kwa kelele mpaka majirani wanalalamika. Tunajiuliza mpaka leo: angepigwa bakora ngapi kwa kosa la kutosikia?

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunatoa ushauri huu.

Kwanza, imbeni wakati wa kazi. Hapahitajiki saa maalumu. Wakati wa kumwosha, wa kupeta mchele, wa kutwanga kisamvu. Mchi wenyewe una mapigo yake. Mtoto mchanga aimbiwe polepole, uso kwa uso. Wa miaka miwili apige makofi. Wa miaka minne au mitano apewe nafasi ya kuanzisha, na nyinyi muitikie.

Pili, ala zimo jikoni. Vifuu viwili vikigongwa ni ala. Kopo la maziwa ni ngoma. Kidumbak, ngoma yetu wenyewe, ina sanduku la mbao lililotiwa uzi, na vijiti viwili vya kugonganisha viitwavyo mkwasa. Chupa yenye choroko ndani hufanya kazi ya cherewa, lakini kizibo kifungwe barabara, maana mdogo hutia kila kitu mdomoni.

Tatu, mmoja ashike pigo moja lisilobadilika, wengine wacheze juu yake. Mtoto akikosea asichekwe wala asisahihishwe kwa ukali. Atalipata mwenyewe.

Nne, mchezo wa kopo ufanywe kila nyumba. Asiyegeuka mara kwa mara apelekwe kituo cha afya, asipelekewe bakora.

Tunajua wapo miongoni mwetu wasiopenda ala kwa sababu ya dini, nasi tunawaheshimu. Sauti na makofi vinatosha. Wengine nyumbani kwao ni kasida tu, na watoto wao ndio wanaotupendezeshea maulidi ya Mfungo Sita. Kina baba nao wasikae pembeni. Mtoto humkumbuka baba aliyemwimbia.

Mwisho tuna maombi mawili kwa kikao. La kwanza, kila siku ya mkutano itengwe robo saa ya watoto chini ya mwembe, kwa zamu, ili bibi yetu asibebe mzigo peke yake. La pili, linunuliwe daftari moja la nyimbo, tuandike za mabibi wa mjini na za mashamba, pamoja na namna zinavyochezwa. Mabibi wawili waliokuwa wakitufundisha wametangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu, na wimbo mmoja tunaukumbuka nusu tu. Nusu ya pili hakuna aijuaye tena.

Haba na haba hujaza kibaba. Tumejifunza kuweka hisa kidogo kidogo kila wiki, na leo tumefika hapa. Tuwawekee na watoto wimbo mmoja kila siku.