Maua ya Kivulini na Mkopo Wangu

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama siku ya maadhimisho ya miaka 10)



Nimeombwa nizungumzie maua, lakini siwezi kuyataja nikauacha ule mkopo. Naona wengine mnacheka, mnakumbuka.

Mnayajua yale maua yenye majani marefu yaliyosimama kama panga, kingo za njano, jamaa ya mkonge pori. Chini ya mgrevilea au barazani yanakaa tu. Na sisi wa Kwa Mrombo, kiangazi maji ni ya ndoo, ua lisilodai maji kila siku ni neema. Basi mfanyabiashara mmoja akaniagiza 60. Mimi nilikuwa na mashina 7. Nikachukua laki mbili za kikundi, nikanunua viriba, mchanga na samadi, nikakata majani vipande vya urefu wa kidole, nikavichomeka. Vikashika vizuri! Miezi ikapita, machipukizi yakatoka, yote kijani kitupu. Mteja akakataa, na haki alikuwa nayo.

Nilidhani kivuli kimezidi. Kweli kikizidi rangi hufifia, ila haifutiki hivyo. Ndipo mtu mmoja wa vitalu akanieleza: ile njano ina tabaka lake la seli, na chipukizi la kipande cha jani huanzia kwenye seli za kijani. Ukitaka njano usikate jani. Fukua, tafuta mtoto aliyeota kwenye shina linalotambaa chini ya udongo, umtenge kwa kisu safi pamoja na mizizi yake, kidonda kikauke siku 2 au 3, ndipo upande. Ni kazi ya polepole. Maji kidogo tu, yakituama mizizi inaoza.

Wataalamu siku hizi wameyaweka jenasi moja na masale, Dracaena. Ningejua ningewaletea sale mapema, kama Wachagga wanavyoomba msamaha! Maana kikundi kiliniongezea miezi 6 badala ya kuja kubeba kabati langu. Yale ya kijani nikayauza kwa bei ya hasara, deni likaisha kidogo kidogo.

Leo ninayo 40 yenye njano, yote ni watoto wa yale 7. Kumi yako hapo nje chini ya turubai, mwanachama atalipa nusu bei. Ila msije na kisu mkanikatia majani.