Pilipili Bado Changa, Mnunuzi Keshafika

Msikilizaji, ukitoka Morogoro mjini kwenda Kinole, au ukapitia Mkuyuni hadi Matombo, utaikuta pilipili manga imetambaa juu ya miti, na mikarafuu na midalasini kando yake. Upande huu wa mashariki wa Milima ya Uluguru hupokea upepo wa Bahari ya Hindi, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Viungo vinaipenda mvua hiyo. Anayevianika haipendi hata kidogo.

Semina za ubora kwa wakulima haziishi. Vuna pale punje za kwanza kwenye kishada zinapoanza kuwa nyekundu. Anika juu ya kichanja au turubai, si chini. Usikaushe kwa moshi. Kweli tupu, ila mkulima anayajua hayo. Kilo tatu mbichi zilizokomaa hutoa kama kilo moja kavu. Changa hazifiki hapo. Hunyauka zikawa nyepesi kama makapi, na bei ikashuka nazo.

Basi kwa nini anavuna changa? Kwa sababu sare za shule zinadaiwa, mgonjwa yuko hospitali, na mnunuzi amesimama uani na fedha mkononi. Na ukisubiri zikomae, wezi hawasubiri. Wengine huuza mavuno yangali mtini. Kusini, kwenye korosho, biashara hiyo wanaiita kangomba, na serikali imeipiga vita hadharani. Kwenye viungo sisikii kelele kama hizo.

Zanzibar karafuu ina mnunuzi wake, shirika la serikali la ZSTC, na bei hutangazwa. Sitamani tuige mnunuzi mmoja huku Bara, maana akikwama yeye mmekwama wote. Lakini mkulima wa Pemba hupanda mkarafuuni bei anaijua.

Huku kwetu fedha za kumwezesha mkulima kusubiri zipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha kina mama wa Kinole kikikopeshwa wiki chache kabla pilipili haijakomaa, kitawaazima wanachama fedha za sare na dawa, na chenji itanunua nailoni ya kuezekea kichanja, mvua ikija ipite juu. Mkopo ukichelewa hadi mavuno yaishe, atakayeneemeka ni yule mwenye fedha mkononi.

Kwa hiyo, waheshimiwa madiwani wa Morogoro Vijijini, naomba jibu moja tu: mikopo ya mwaka huu inatoka mwezi gani?